Kabla ya kuchangia dawa ya saratani ya utumbo, ulizeni kipimo cha RAS

Daktari, mama ana saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini. Tumetajiwa dawa ya cetuximab na ukoo unachanga. Tuinunue?

Subirini kidogo. Muulizeni daktari wake kama uvimbe umepimwa jeni za KRAS na NRAS, ambazo kwa pamoja huitwa RAS. Juu ya seli kuna kipokezi kiitwacho EGFR, kinachopokea amri ya kukua. Cetuximab hukiziba. RAS hufanya kazi ndani ya seli, chini ya kipokezi hicho. Ikiwa na kasoro, huendelea kuamuru seli zigawanyike hata kipokezi kikiwa kimezibwa. Takriban nusu ya wagonjwa ambao saratani yao ya utumbo mpana imesambaa wana kasoro hiyo, na dawa hii haiwasaidii. Marekani iliiidhinisha mwaka 2004, lakini maelekezo yake hayakuwaondoa wenye kasoro ya KRAS hadi 2009. Inaniuma kuona familia ikiuza shamba leo bila kipimo hicho. Mama akikutwa na kasoro, bado ana tibakemikali na dawa nyingine, kama bevacizumab.

Ulizeni pia uvimbe ulianzia upande gani wa utumbo mpana. Ule wa kulia huitikia cetuximab kwa udhaifu zaidi, hata RAS ikiwa salama.

Baba alishafanyiwa upasuaji. Atakatwa tena ili apimwe?

Mara nyingi hapana. Maabara ya patholojia huhifadhi kipande cha uvimbe ndani ya nta, na hicho hutosha.

Je, watoto wake tumeirithi KRAS hiyo?

Hapana, kasoro hiyo ilizaliwa ndani ya uvimbe wenyewe. Ila kama kwenu wapo waliougua saratani ya utumbo au ya mfuko wa uzazi wakiwa na umri mdogo, mwambieni daktari. Hiyo inaweza kuwa sindromu ya Lynch, na hiyo hurithiwa.

RAS yangu ni salama, ila nimekutwa na BRAF V600E, kasoro ya jeni nyingine iitwayo BRAF.

Cetuximab peke yake haitakufaa sana. Huunganishwa na encorafenib, dawa inayoizuia BRAF hiyo; ni tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa waliokwisha kutibiwa kwa dawa nyingine.

Natumia cetuximab na uso umejaa upele. Niache?

Usiache bila kumwona daktari. Ngozi nayo ina EGFR, ndiyo maana inaathirika. Jikinge na jua, paka mafuta ya kulainisha, na usipake dawa za chunusi za dukani, zitakukausha zaidi. Daktari anaweza kukuandikia antibiotiki ya doxycycline. Upele ukitunga usaha au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Omba pia damu ipimwe magnesiamu, kwani dawa hii huishusha.