Tusubiri "kisu baridi"?

SWALI: Shikamoo sista. Baba yangu ana miaka 61 na kisukari, na mishipa mitatu ya moyo imeziba. Amepangiwa baipasi mwezi ujao, yaani upasuaji wa kuipitishia damu njia mpya palipoziba. Daktari ametuambia watatoa mshipa mmoja kifuani na mwingine mkononi, wakitumia kisu cha umeme. Kaka yangu aliyeko Muscat amesoma kwamba umeme unaunguza mshipa, sasa anataka tuahirishe mpaka tupate hospitali yenye "kisu baridi". Baba mwenyewe amechoka na maneno yetu. Tufanyeje? (Binti wa Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako hakukosea, ila amelishika jambo kwa mkia.

Nimesimama thieta, chumba cha upasuaji, miaka 27 nikimpa daktari vyombo mkononi. Huo mshipa wa kifuani umelala kwa ndani, kando ya mfupa wa kidari, na upana wake ni kama milimita 2, sawa na tambi. Unatoa vijitawi vingi kwenda mbavuni, na kila kimoja lazima kizibwe na kukatwa ndipo mshipa ushuke mpaka moyoni. Hapo ndipo moto unapoingia. Umeona utumbo wa mbuzi unavyojikunja ukigusa mafuta ya moto? Mshipa nao husinyaa hivyo hivyo, na ule utando wa ndani unaoizuia damu isigande huweza kuungua.

Niliwahi kuliona. Daktari kijana aliisogeza ncha karibu mno. Tsss, harufu ya nyama, na doa jeupe kama punje ya mchele likatokea kwenye mshipa. Mkubwa wake hakusema neno, akaomba dawa ya papaverini ya kuulegeza, tukangoja. Damu iliyotakiwa kuruka ikawa inadondoka. Ikabidi tuhamie mguuni kuchukua vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, na vena si mbaya, ila baada ya miaka 10 karibu nusu yake huwa zimeziba, wakati ule wa kifuani zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado wazi.

Basi hicho "kisu baridi" si baridi. Kipo kinachotetemeka mara 55,500 kwa sekunde, hakipitishi umeme mwilini kabisa. Kipo pia cha umeme unaotumwa kwa mapigo mafupi, ncha yake imefunikwa isipokuwa ukingo, hivyo joto halisambai sana pembeni. Vyote nimevishika, navipenda. Lakini hicho cha kutetemeka ukikibonyeza muda mrefu, ubapa wake unaunguza vilevile. Kazi yangu ilikuwa kukichovya kwenye maji ya chumvi kila mara kipoe.

Kwa kisu cha kawaida, daktari mzoefu hupunguza nguvu ya umeme, hukaa mbali na mshipa, na vijitawi huvibana kwa klipu ndogo kisha hukata kwa mkasi. Daktari wa upasuaji Vasily Kolesov aliushona mshipa huu moyoni kule Leningrad mwaka 1964, vyombo hivi vipya havijazaliwa. Ustadi wa mkono wa daktari kwanza, mwanangu. Mishipa mitatu iliyoziba haingojei mashine iagizwe, kwa hiyo msiahirishe kwa sababu hiyo.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni kisukari cha baba. Wakichukua mishipa yote miwili ya kifuani, kidari kinapungukiwa damu na kidonda hupona kwa taabu. Kumbe kwenu wanachukua mmoja, vizuri. Ulizeni kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu kinasemaje.

Halafu ulizeni ni mkono upi, na kama umepimwa. Mojawapo ya vipimo ni rahisi: anafumba ngumi, wanabana mishipa miwili ya kifundo cha mkono, anafumbua kiganja kikiwa cheupe, kisha wanaachia upande wa kidole kidogo. Rangi irudi ndani ya sekunde chache. Isiporudi, mshipa wa mkono huo hauchukuliwi.

Mkishaujua mkono, asichomwe dripu wala kutolewa damu hapo, hata vipimo vidogo. Wodini wanabadilishana zamu na watu husahau. Mimi nilikuwa naandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, juu ya kifundo: USICHOME HAPA. Mwandikieni baba hivyo, na mtu akimsogelea na sindano, anyanyue mkono amwonyeshe.