Je, Mchango wa Pensheni wa Mwalimu Hutozwa Kodi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 38, na mshahara wangu wa msingi ni shilingi 60,000. Kila mwezi nakatwa asilimia 7.5 ya pensheni, ilhali wakongwe shuleni mwetu wanasema hawakuwahi kuchangia pensheni yao. Je, fedha hizo hutozwa kodi kabla ya kukatwa? Mwenzangu ameniambia pia kwamba sasa naweza kuweka hadi shilingi 30,000 kwa mwezi bila kutozwa kodi.
Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, wakongwe hao wanasema kweli, kwa kuwa pensheni yao hulipwa moja kwa moja kutoka hazina ya serikali. Mpango wa kuchangia ulianza Januari 1, 2021, ukawa wa lazima kwa watumishi wa umma waliokuwa hawajatimiza miaka 45. Mchango wao ulikuwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, kisha 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, huku serikali ikiongeza asilimia 15.

Mchango wako wa shilingi 4,500 huondolewa kwenye mapato kabla ya PAYE, yaani kodi ya mapato ambayo mwajiri hukata kwenye mshahara, kukokotolewa. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako hutozwa asilimia 30, kodi yako hupungua kwa shilingi 1,350, na kwa hiyo unachokikosa mfukoni hasa ni shilingi 3,150. Zile shilingi 9,000 ambazo serikali hukuongezea, yaani asilimia 15 ya mshahara wako, nazo hazihesabiwi kuwa mapato yako ya kutozwa kodi.

Kuhusu shilingi 30,000, mwenzako amekupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuhusu. Ni kweli kwamba tangu Desemba 27, 2024 kikomo kilipanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Hata hivyo, sheria hutazama viwango vitatu, yaani kiasi ulichochangia, asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa pensheni, na hizo 30,000, kisha huchukua kilicho kidogo zaidi. Asilimia 30 ya mshahara wako ni shilingi 18,000. Ukitoa 4,500 unazokatwa tayari, nafasi iliyobaki ni 13,500, na chochote utakachoweka zaidi ya hapo kitatozwa kodi kama mshahara mwingine wowote. Iwapo hati yako ya mshahara inaonyesha pia makato ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, nayo huingia ndani ya kikomo hicho hicho, na ndiyo maana nakusihi uisome hati hiyo kabla ya kutia sahihi fomu yoyote ya kuongeza mchango.

Ukiamua kuongeza, omba mchango huo ukatwe kupitia mwajiri, ili nafuu ionekane mwezi huo huo. Ukiupeleka mwenyewe katika mpango mwingine uliosajiliwa, itakubidi udai nafuu hiyo kwenye ritani ya kodi ya mwaka, ambayo mwisho wake ni Juni 30, kisha usubiri kurejeshewa.

Ukifika umri wa kustaafu, au ukistaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa, mafao yako hayatatozwa kodi, kwa mujibu wa mabadiliko yale yale ya sheria ya 2024 yaliyopandisha kikomo. Msamaha huo humfikia pia anayetoa fedha baada ya kuwa mwanachama kwa miaka 20. Mwanachama anayezitoa kabla ya hapo hutozwa kodi.