Zika Paipu, Usizike Waya: Kuficha Nyaya za TV Kwenye Nyumba ya Mawe Lamu

Ukuta wenye TV juu na nyaya nne zinazoning'inia hadi mezani haupendezi, hata sebule ikipambwa vipi. Na nyumbani kukiwa na watoto wadogo si suala la urembo tu, kwa sababu mtoto huvuta chochote kinachoning'inia. Ndugu na majirani wa Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, wakiona ukuta wangu huniuliza nyaya nilizizika vipi. Huwajibu kwamba nilizika paipu. Waya sikuzika hata mmoja.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Waya uliofunikwa na plasta ukiharibika au ukipitwa na wakati, hakuna njia ila kuvunja. Na nyaya za TV hupitwa na wakati haraka. Hadi 2015 nyumba nyingi zilihitaji waya mmoja tu wa antena. Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka huo, king'amuzi kikaingia, nyuma yake ikaja kebo ya HDMI, ile inayopeleka picha na sauti kwenye TV, kisha waya wa intaneti. Ukuta ni uleule. Kuna nyumba hapa zimesimama tangu karne ya 18, na haifai kuzipasua kila tunapobadilisha kisanduku. Ukiweka paipu, unavuta waya wa zamani na kuingiza mpya jioni moja, bila hata punje ya chokaa kuanguka.

Mafundi wengi wa stima wamejifunzia kazi kwenye kuta za bloku. Ukuta wa mji wa kale ni jambo jingine. Ni vipande vya mawe ya matumbawe visivyolingana, vimeshikanishwa kwa chokaa na mchanga, na unene wake unaweza kufika nusu mita. Hauna uwazi ndani. Zile video ambazo mtu anatoboa tundu juu, anatoboa jingine chini, kisha anadondosha waya katikati, zimepigwa kwenye nyumba zenye kuta za fremu za mbao na jasi, kama zilivyo nyingi za Marekani. Huku kwetu huwezi kudondosha kitu. Lazima ukate mfereji. Na hapo ndipo penye hatari. Jiwe la matumbawe si gumu sana, lakini chokaa ya kale huachia. Ukilipiga jiwe moja kwa nyundo kubwa, jirani zake wawili wanalegea, na mfereji uliotaka uwe wa vidole vitatu unageuka shimo.

Kwa hiyo kabla ya fundi wa stima, mwite fundi wa chokaa. Mimi nilimwita mzee mmoja ambaye wengi wetu humwita ami kwa heshima. Aliugongagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akisikiliza ni wapi plasta imeachana na jiwe, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, wataka kupita wapi?"

"Nielekeze wewe, ami. TV itakaa hapa, vyombo vyake kwenye kabati lile."

"Basi shuka wima mpaka usawa wa kabati. Usikate mshazari. Mshazari hakuna atakayeukumbuka, na siku moja mtu atapiga msumari juu yake."

Maneno yake yanakubaliana na kanuni za stima. Njia ya waya uliofichwa huenda wima au mlalo, ikilingana na soketi au swichi inayoonekana, ili anayekuja baadaye akisie ulipo. Kuna kanuni nyingine nzuri ya kukata kuta: mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sudusi yake, kwa sababu mlalo unaukata ukuta pale unapobeba uzito. Kwenye ukuta wa nusu mita vipimo hivyo ni vikubwa sana, na visikupe ujasiri wa bure. Tatizo letu ni mawe kulegea, hata mfereji ukiwa mfupi. Sehemu ya mlalo sikuikata kabisa. Kabati lenyewe limesogezwa chini ya TV.

Tahadhari moja ya nyumba za kale: usiamini kwamba nyaya za stima zilizomo zimefuata kanuni yoyote. Ziko nyumba ambazo stima ilipoingizwa nyaya zilipigiliwa juu ya ukuta, na mwenye nyumba aliyefuata akazifunika kwa plasta zilivyo, zikapita zinavyotaka. Zima stima kwenye swichi kuu kabla ya kukata, usizime taa ya chumba hicho peke yake, kisha fundi ahakikishe kwa testa. Mwambie pia aangalie rangi. Kuna nyaya za zamani zenye nyekundu na nyeusi, na mpya zenye kahawia na bluu, na nyumba moja inaweza kuwa nazo zote mbili.

Kama ukuta unaoutazama una zidaka, yaani vishubaka vya kale vya ukutani, au nakshi za plasta, acha. Tafuta ukuta mwingine. Hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu nimeona kidaka kimetobolewa ili kipitishe waya, na nakshi ile haina tena wa kuirudisha ilivyokuwa. Mji wetu uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ipo papa hapa. Nenda ukaulize kabla ya kukata.

Kwa baadhi ya nyumba njia bora si kushuka bali kupenya. Kama nyuma ya ukuta wa TV kuna chumba chako kingine, toboa tundu moja moja kwa moja nyuma ya TV, tia paipu, na king'amuzi na vyombo vingine vikae upande wa pili. Hakuna mfereji hata kidogo. Ila tundu la nusu mita linataka ncha ndefu ya drili na mkono mpole: drili izunguke tu bila kugonga. Kumbuka pia kwamba rimoti ya kawaida hutumia mwanga usiopita ukuta, hivyo utahitaji jicho la waya linalobaki upande wa TV na kupeleka amri kwa king'amuzi. Hakikisha king'amuzi chako kinalikubali kabla ya kununua.

Sasa paipu. Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa sababu wanapima waya badala ya kupima kichwa chake. Waya wa dishi una unene wa milimita 7 hivi, lakini kichwa cha HDMI pamoja na plastiki yake kina upana wa milimita 20 au zaidi. Kwenye paipu ya stima ya milimita 20 hakiingii. Kwenye ya 25 hupita sehemu iliyonyooka na kukwama kwenye kona. Mimi nilichukua paipu ya plastiki ya inchi moja na nusu, ile ya maji ya sinki, na kebo tatu zinapita humo zikiwa na nafasi. Kona isiwe kali ya digrii 90. Weka kona mbili za digrii 45 na kipande kilichonyooka katikati yake, kebo itateleza. Ukishakata paipu kwa msumeno, piga msasa ukingo wa ndani, la sivyo utachuna ngozi ya waya kila unapovuta. Na kabla ya kufunika chochote, tia kamba imara ya nailoni ndani yake, ncha zote mbili zikiwa nje. Kila utakapovuta waya, funga na kamba mpya ifuate nyuma, ili paipu isibaki tupu.

Nunua kila kitu kabla ya kugusa tindo. Vifaa vyetu huja kwa barabara hadi Mokowe, kisha kwa boti, na ukikosa kona moja ya paipu kwenye duka la mtaani unaweza kukaa na ukuta wazi ukingojea basi la kutoka Malindi.

Stima ni habari yake peke yake. Waya wa umeme wa TV, ule mwembamba uliokuja nayo kwenye boksi, usiingie ukutani, hata ndani ya paipu. Haukutengenezwa kwa kufichwa. Ekstensheni ndiyo kabisa usiifikirie. Moto unaoanzia ndani ya ukuta unauona ukiwa umeshachelewa. Kinachotakiwa ni soketi nyuma ya TV, iliyoletewa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 wenye ethi, ndani ya paipu yake yenyewe. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na mwombe akuonyeshe leseni. Paipu ya stima na paipu ya HDMI ziachane kama shubiri moja zinapokwenda sambamba, na zikilazimika kukutana zikatane msalaba. Soketi iwekwe pembeni ya bano la TV, isiwe nyuma yake hasa, kwa sababu plagi yetu ya miguu mitatu ni nene na itaisukuma TV mbele. Fungua plagi uangalie fyuzi: TV nyingi zinatosheka na ya ampea 3, wala si ile ya 13 iliyowekwa kwa mazoea. Na kwa jinsi stima inavyokatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kuilinda TV dhidi ya mirusho ya umeme ni cha lazima.

Kukata kwenyewe si kwa muda mrefu. Chora mistari miwili kwa penseli, ipitishe grinda taratibu huku mwenzako akinyunyiza maji mbali na mashine, vaa barakoa na miwani, kisha toa katikati kwa tindo na nyundo ndogo. Jiwe likianza kucheza, lishikize kwa chokaa siku hiyohiyo, usiendelee.

Kufunika ndiko kunakotaka subira, na ndiko kunakoharibiwa zaidi. Fundi atakwambia saruji ni haraka na ni imara. Usikubali. Ukuta wa matumbawe una unyevu na chumvi ndani yake, na chokaa huuacha upumue. Saruji inauziba, unyevu unatafuta pa kutokea, unatokea pembeni mwa kiraka, na baada ya muda utaona plasta nzuri ya kale inabanduka pande zote mbili za mstari wako wa saruji. Jasi nayo isitumike hata kushikizia kiboksi cha soketi, kwa kuwa hunyonya maji na kulainika. Tumia chokaa iliyozimwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni wenye chumvi. Wala usiagize wa vilima vya Shela, maana vilima vile ndivyo vinavyotutunzia maji tunayokunywa. Lowesha mfereji kwanza, jaza tabaka la kwanza, liache likauke polepole, ukilinyunyizia maji, ndipo utie la pili. Chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, kwa hiyo watoto wakae mbali. Rangi ya juu iwe ya chokaa pia.

Kabla ya tabaka la kwanza fanya mambo mawili. Pitisha kebo zote, washa TV, uone picha. Kisha piga picha ya mfereji ukiwa wazi, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa kando yake kuanzia sakafuni, na uitume kwa kila anayeishi humo.

Kuhusu kebo: HDMI ya kawaida ya shaba inafanya kazi vizuri kwa mita chache. Ukihitaji zaidi ya mita kumi kwa picha ya 4K, chukua ile ya nyuzi za mwanga, na uangalie maandishi kwenye vichwa vyake, kwa sababu ina upande wa king'amuzi na upande wa TV. Ukiigeuza haitoi kitu. Waya unaotoka kwenye dishi uufanyie kitanzi cha kuning'inia nje kabla haujaingia ukutani, ili maji ya mvua yadondoke hapo. Vichwa vyake vya nje vifunge kwa utepe wa mpira, maana hewa ya bahari huvila.

Dada yangu anakaa Malindi kwenye nyumba mpya, na kwake hesabu ni tofauti kwa sababu kuta za ndani ni nyembamba. Ukuta wa inchi sita una sentimita 15, theluthi yake ni 5, na paipu yangu ya inchi moja na nusu haienei humo na plasta juu yake. Kwake tuliweka ya milimita 32, na kebo ya HDMI nyembamba yenye kichwa kidogo. Saruji kwake haina ubaya, kwa sababu ukuta wenyewe ni wa saruji. Kama ukuta wako ni wa inchi nne, usiukate. Nunua trankingi ya plastiki, ile ya kufunika nyaya juu ya ukuta, ishushe wima kutoka katikati ya TV, ipake rangi ya ukuta.