Mwanangu, huko Mufindi mafuta ya taa ya nini?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Huku Pangani hatujambo. Umeniuliza: Mufindi hakuna mnazi hata mmoja, makuti huna, kilifu huna, kuni zinalala na ukungu na asubuhi zimelowa, utakokaje moto bila kumimina mafuta ya taa yanayonukisha chakula?

Umesahau kwamba mimi na baba yako tuliishi huko kwenye mashamba ya chai kabla hujazaliwa? Vya kuwashia vimejaa, tena kuliko huku.

Anza na mlingoti, yaani mkaratusi. Gome lake hujibandua lenyewe likaning'inia kama kanga kuukuu iliyochanika. Hilo linaloning'inia ndilo lako. Lililoanguka waachie mchwa, limeshanyonya maji ya ardhi. Chukua ukanda mmoja, uufikiche viganjani mpaka ubaki nyuzinyuzi. Ile vumbi inayotoka usiipeperushe, maana ndiyo inayodaka moto kwanza. Majani yake makavu nayo yana mafuta, yanawaka kwa kutatarika, lakini hayadumu. Ukiyategemea hayo peke yake utamaliza kiberiti.

Kisha nenda kwenye mipaini. Vitawi vilivyokufa vikabaki shinani, vya chini kabisa, huwa vikavu hata baada ya mvua. Vunja kimoja: kikilia "ta!" chukua, kikipinda acha. Ukiwa na shaka kiguse shavuni. Kikiwa baridi bado kina maji. Mahali tawi lilipokatika zamani utaona utomvu umeganda, na mti wa hapo umekuwa wa rangi ya asali, mzito, unanukia. Huo ndio dhahabu. Ukwangue kwa kisu upate maganda membamba yanayojikunja. Hata yakiwa na unyevu kidogo yatashika, kwa sababu kinachowaka ni ule utomvu.

Kuni zenyewe zipasue. Nje zimelowa, moyoni kavu. Panga nyuzi, juu yake vitawi vya unene wa njiti ya kiberiti, halafu vya unene wa penseli, na uache nafasi ya hewa. Wengi wanaharakisha kubandika gogo, moto unakufa, wanasema kuni mbaya. Akiba yako iweke kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi utaikausha.

Mnyaa wa kwenye ua usiuguse hata ukikauka. Utomvu wake unaunguza ngozi na moshi wake unawasha macho. Na nailoni je? Mifuko ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, ila vipande havikosekani, na najua majirani wanawashia. Wewe usivute moshi ule, wala usiwavutishe wanafunzi wako.

Jambo moja nakuomba kwa msisitizo. Kuanzia Juni hadi mvua zirudi, usikoke moto chini ya mipaini. Sindano zilizodondoka hufanya tabaka nene, na moto hupita chini kwa chini usiuone mpaka utokee mbali. Uko jirani na Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, na moto kichaa huko hauulizi nani aliuwasha. Fyeka mpaka udongo uonekane, ndoo ya maji iwe karibu. Ukimaliza, mwagia, koroga majivu, mwagia tena, kisha weka mgongo wa mkono juu yake. Kukiwa na joto, bado hujazima.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako