Unakwenda Texas? Chagua Upande Mmoja

Msomaji ameniandikia: ana siku tano, anatua Houston, anataka kuona Galveston, ngome ya kihistoria ya Alamo, hifadhi ya taifa ya Big Bend mpakani na Mexico, na El Paso magharibi kabisa, kisha arudi Houston kupanda ndege. Ndugu yangu, utaona lami tu.

Texas ina kilomita za mraba karibu 695,000. Kenya nzima inaingia humo na nafasi inabaki. Houston hadi El Paso kwa barabara ya I-10 ni kilomita 1,200 hivi, na ukifika unarudisha saa nyuma kwa saa moja.

Kama moyo uko Big Bend, tua Midland au El Paso. Jaza tangi Fort Stockton, na Marathon ongeza tena hata kama mshale haujashuka, maana kutoka hapo hadi Panther Junction, ndani ya hifadhi, ni kilomita kama 110 za nyika tupu. Pakua ramani mapema, mtandao hukatika. Beba maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Giza likiingia usiendeshe, kulungu hukatiza barabara. Pasipoti yenyewe iwe mfukoni: barabara zinazotoka hifadhini kwenda kaskazini zina vizuizi vya askari wa mpakani.

Lakini kwa siku tano, baki mashariki. San Antonio, iliko Alamo, ni mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Houston. Galveston ni saa moja tu, na hapo ndipo tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alipotoa amri kwamba watumwa wa Texas wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru. Bila jeshi la kulisimamia, mabwana walikuwa wamelipuuza. Mwaka 1872 waliokuwa watumwa, akiwemo mchungaji Jack Yates, walichanga wakanunua ekari 10 Houston wapate pa kusherehekea siku hiyo. Bustani hiyo, Emancipation Park, ipo hadi leo mtaa wa Third Ward. Nenda. Nasema tena, nenda.

Ukiwa Galveston, tembea juu ya ukuta wa bahari. Tufani ya tarehe 8 Septemba 1900 iliua maelfu, ndipo mji ukajenga ukuta na kujiinua: majengo zaidi ya 2,000 yalipandishwa kwa jeki, kisha mchanga uliochanganywa na maji ukasukumwa kwa mabomba kujaza chini yake. Msimu wa tufani ni Juni hadi Novemba, na Septemba ndiyo kali zaidi, kwa hiyo ukisafiri mwezi huo kata tiketi inayobadilishika tarehe.