Skuta inayokohoa mlimani
Ndugu, kama skuta yako ya mtumba kutoka Mombasa inakohoa ukipanda Milimani hapa Nakuru, usikimbilie kununua kabureta mpya, ile inayochanganya petroli na hewa. Fungua plagi ya cheche kwanza. Ikiwa nyeusi, ina masizi makavu, petroli imezidi hewa: huku tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Safisha kichujio cha hewa, kisha kwenye kabureta weka jeti kuu (kipande chenye tundu linalopitisha petroli) iliyo ndogo kwa saizi moja. Yangu ilibadilika siku hiyo hiyo, nilifurahi sana! Tundu la jeti lizibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, si sindano, sindano hulipanua. Mkanda unaopeleka nguvu gurudumu la nyuma nao ukiwa na nyufa, ubadilishe kabla hujafikiria rola (vizito vidogo vya gia otomatiki) nyepesi za kupandia mlima.