Maswali ya Wasomaji: Gari Dogo Mkononi mwa Mpenda Usukani

Swali: Ndugu Mshauri, kwa miaka mingi niliendesha gari lenye injini ya lita 3, na kila safari ilikuwa raha kwangu. Gharama za mafuta zimenilazimu kuliuza. Sasa nina gari dogo la milango mitano, injini ya lita 1.3, gia za mkono. Halinywi mafuta, halisumbui kuegesha, na fundi tunaonana kwa nadra. Hata hivyo, nikishika usukani najihisi kama mtu aliyestaafishwa kabla ya wakati. Je, mpenda kuendesha anaweza kuishi na gari la namna hii bila kujidanganya, au nivumilie tu mpaka mambo yaninyookee? *— Msomaji aliyezoea lita 3*

Jibu: Ndugu yangu, huna haja ya kuvumilia, ila itakubidi ujifunze upya, kwa sababu gari uliloliuza lilikuwa likikufanyia mengi ambayo hili la sasa linakutaka uyafanye mwenyewe. Gari lenye nguvu husamehe. Ukifunga breki kupita kiasi kabla ya kona, unakanyaga mafuta na mwendo unarudi papo hapo. Gari la lita 1.3 halina msamaha huo. Mwendo uliopotezwa bila sababu hurudi polepole, na kwa kelele. Dereva wake hulazimika kuisoma barabara mapema, akaamua mapema, na kuulinda mwendo alio nao. Huo ndio ustadi wenyewe, na katika gari lako la zamani ungeweza kuishi miaka mingi bila kuuhitaji.

Jambo la pili ni uzito. Magari mengi madogo ya kiuchumi huwa na tani moja hivi, ilhali lile la lita 3 huenda lilikuwa na tani moja na nusu au zaidi. Uzito mdogo unaonekana kila mahali: katika kufunga breki, katika kukata kona, katika wepesi wa usukani, hata katika uchakavu wa matairi. Isitoshe, gari kubwa barabarani hulitumii hata nusu. Ukivuta gia ya pili hadi mwisho umeshavunja sheria, na baada ya hapo unachofanya ni kujizuia tu. Gari dogo unaweza kulivuta gia ya kwanza na ya pili mpaka injini iimbe, na bado ukawa ndani ya mwendo unaoruhusiwa.

Wala usidhani kwamba gari la kubana matumizi na gari la kumfurahisha dereva ni maadui wa asili. Mini ya mwaka 1959, gari dogo la Kiingereza lililobuniwa na Alec Issigonis, ilizaliwa kutokana na uhaba wa mafuta uliofuata mgogoro wa Suez wa mwaka 1956. Injini yake ya kwanza ilikuwa na sentimita za ujazo 848 tu, ikalazwa kwa upana chini ya boneti ili abiria wapate nafasi, na magurudumu yakasukumwa hadi kwenye pembe nne za bodi. Kilichofanywa kwa ajili ya nafasi kikawa pia siri ya kushika barabara. Toleo lake la Cooper S lilishinda mashindano ya magari ya Monte Carlo (Monte Carlo Rally) mwaka 1964, mbele ya magari yenye injini kubwa mara kadhaa, na mpangilio ule wa injini iliyolazwa kwa upana na magurudumu ya mbele yanayovuta ndio ulio ndani ya karibu kila gari dogo la leo, likiwemo lako.

Sasa tushuke kwenye kona. Katika gari lako sehemu kubwa ya uzito iko mbele, na matairi ya mbele yana kazi tatu: kuvuta, kuongoza, na kubeba mzigo mkubwa wa breki. Ukiyadai yote matatu kwa wakati mmoja yatakugomea, na pua itasukumwa nje ya kona. Kwa hiyo funga breki gari likiwa bado limenyooka. Wakati klachi iko chini, gusa mafuta kidogo kwa ubavu wa mguu ule ule ulio kwenye breki ili mizunguko ya injini ipande, kisha ingiza gia ya chini. Ukipatia, gari halitashtuka hata kidogo, na abiria wako hatajua kwamba umebadilisha gia. Achia breki taratibu huku ukianza kuzungusha usukani, usiiachie kwa ghafla, kwa maana uzito uliobaki mbele ndio unaoyakandamiza matairi yashike. Macho yawe kwenye mwisho wa kona. Ukianza kuuona mwisho huo, rudisha mafuta kidogo kidogo kadiri unavyounyoosha usukani. Pua ikianza kusukumwa nje, punguza mafuta kwa utulivu na usiongeze usukani. Lakini usiunyanyue mguu kwa ghafla katikati ya kona, hasa barabara ikiwa na maji, kwa sababu mkia wa gari fupi hulegea haraka. Haya yote unaweza kuyafanya katika mwendo wa kawaida kabisa, na ukiyafanya sawasawa, barabara ile ile ya kila siku itakupa la kufanya.

Tena ustadi huu huu ndio unaookoa mafuta. Kila unapokanyaga breki, unageuza kuwa joto mafuta uliyokwisha kuyalipia. Anayeendesha kwa kubembeleza mwendo hutumia kidogo kuliko anayekwenda mwendo wa konokono kisha akafunga breki kila baada ya hatua chache. Usiogope kukanyaga vizuri unapoondoka, mradi upandishe gia mapema, maana injini ndogo hufanya kazi kwa ufanisi zaidi ikibeba mzigo katika mizunguko ya chini na ya kati kuliko ikizunguka haraka bila kazi. Kwenye barabara ndefu, kinachokula mafuta ni mwendo wa kasi. Kutoka kilomita 90 hadi 120 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa theluthi, lakini nguvu ya upepo unaolikabili gari imeongezeka kwa takribani asilimia 78.

Hapo hapo niseme neno kuhusu desturi ya kuweka gia huru kwenye mteremko, ambayo wengi huiona ni ujanja. Injini za kisasa zinazopulizia mafuta kwa udhibiti wa kompyuta hukata mafuta kabisa unapoondoa mguu gari likiwa ndani ya gia, mpaka mizunguko ikaribie ile ya injini inayounguruma gari likiwa limesimama. Ukiweka huru, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike, na wewe umeachwa na breki peke yake.

Swali: Mshauri, shikamoo. Nimedunduliza fedha kwa ajili ya gari langu dogo. Nimepanga kununua rimu za inchi 17, springi fupi za kulishusha, na bomba la eksozi lenye mlio. Nianze na kipi? *— Kijana wa gari jeupe*

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Usianze na chochote kati ya hivyo. Anza kwa kuchuchumaa kando ya tairi lako na kusoma yaliyoandikwa ubavuni. Utaona tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: zikiwa 2321, kwa mfano, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililozeeka hukauka na kuteleza hata kama kashata zake (vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) bado ni ndefu, na hakuna kifaa chochote cha kuliboresha gari kinachoweza kurudisha mshiko ambao tairi limekwisha kuupoteza. Nunua matairi mazuri manne ya aina moja, upime upepo asubuhi yakiwa ya baridi kwa kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango, na upime alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu.

Kuhusu rimu, ngoja tupige hesabu kidogo. Gari nyingi za ukubwa wako hutoka kiwandani na tairi la 175/65 R14 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na rimu kwa inchi), lenye kipenyo cha milimita 583 hivi. Ukihamia 185/55 R15 unapata milimita 584 na nusu, yaani karibu sawa kabisa, na usukani utajibu kwa wepesi zaidi kwa sababu ubavu wa tairi umepungua. Ukichukua 185/60 R15, ambalo jirani yako atakuambia ni lile lile, kipenyo kinafika milimita 603. Spidomita itasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 3, na kila gia itakuwa nzito zaidi kwa injini ambayo haina nguvu za kuchezea. Inchi 17 ni anasa ya macho. Rimu yenyewe huwa nzito, na uzito ulio kwenye gurudumu ni mbaya kuliko ule ulio kwenye buti, kwa sababu springi na shokapu vinalazimika kuutuliza katika kila shimo.

Springi fupi juu ya shokapu za kiwandani ni ndoa mbaya. Shokapu zilipangwa kwa springi zake, na gari likishushwa hukosa nafasi ya kuzama, likagonga mpira wa mwisho unaolizuia kuzama zaidi katikati ya kona, pale unapolihitaji litulie. Shokapu mpya za kawaida, pamoja na bushi mpya (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) badala ya zile zilizopasuka, zitakushangaza. Watu wengi hulaumu gari lao kwamba halishiki barabara, kumbe wanaendesha mpira uliochakaa.

Badilisha pia mafuta ya breki, kila baada ya miaka 2 hivi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini kiwango kinachotakiwa yakishanyonya unyevu ni nyuzi 155 tu. Kwenye mteremko mrefu, tofauti hiyo utaihisi mguuni: pedali inakuwa laini, inazama, na gari halisimami ulipotaka. Kuhusu eksozi, mlio utaongezeka na nguvu haitaongezeka kwa kiasi utakachokihisi. Majirani ndio watakaohisi.

Swali: Gari langu lina gia otomatiki za CVT. Nikikanyaga, injini inapiga kelele lakini gari halichanganyi. Haya ya kona na gia yananihusu kweli? *— Dada asiye na klachi*

Jibu: Yanakuhusu, dada, isipokuwa lile la klachi. CVT haina gia zenye hatua. Ina mkanda wa chuma, au mnyororo, unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ukikanyaga hadi mwisho, mtambo huipeleka injini kwenye mizunguko yenye nguvu kubwa na kuiacha papo hapo huku gari likifuata nyuma, ndiyo maana sikio linasikia haraka ambayo mgongo hauioni. Kanyaga kwa kadiri, takribani nusu, na uanze kurudisha mafuta mapema kidogo kuliko ambavyo mwenye gia za mkono angefanya, ili mtambo uwe umeshajipanga unapotoka kwenye kona. Kwenye mteremko peleka mkono wa gia kwenye nafasi ya S, L au B, kama ipo, ili injini ikusaidie kuzuia mwendo. Na fundi asikutilie mafuta yoyote ya gia yaliyopo dukani: CVT ina mafuta yake yaliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na mafuta yasiyo sahihi huweza kuufanya mkanda uteleze hadi ukaziharibu puli.

Swali: Je, petroli ya okteni ya juu italipa gari langu nguvu? *— Mjazaji tangi*

Jibu: Kama kitabu cha gari kinataja petroli ya kawaida, hapana. Okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kulipuka kabla ya wakati wake, na injini isiyokuwa na tatizo hilo haipati faida ya maana kwa kuepushwa nalo. Nunua plagi na ea klina.

Swali: Nikiwa peke yangu gari langu la lita 1.3 linanitosha. Nikiwa na familia na mizigo, kuyapita malori kunanitia hofu. Nifanyeje? *— Baba wa watoto watatu*

Jibu: Hofu yako ina akili, mzee mwenzangu, usiifukuze. Chukua lori la mita 15 linalokwenda kilomita 80 kwa saa, nawe unalipita kwa kilomita 100. Ukiacha mita 20 kabla ya kutoka na mita 20 kabla ya kurudi, pamoja na urefu wa magari yenyewe, una karibu mita 59 za kuzifidia kwa tofauti ya kilomita 20 kwa saa. Hiyo ni karibu sekunde 11, na katika muda huo umesafiri kiasi cha mita 300. Anayekuja mbele yako kwa kilomita 100 naye amesafiri kiasi hicho hicho. Unahitaji basi mita 600 zilizo wazi machoni pako, na hesabu hiyo inachukulia kwamba umeshafika kilomita 100 kabla ya kutoka, jambo ambalo gari lililojaa watu watano halifanyi kirahisi.

Kwa hiyo usijibanze nyuma ya lori. Kaa mbali, mahali unapoona barabara na dereva wa lori anakuona kwenye kioo chake, kisha nafasi ikijitokeza tumia umbali huo kuchanganya ukiwa bado upande wako. Shusha gia kabla ya kutoka, si ukiwa umeshatoka. Kwa injini nyingi za aina hii gia ya tatu ndiyo yenye kazi katika mwendo huo. Zima kiyoyozi, kwa kuwa kinakula sehemu ya nguvu ambayo hapo ndipo unapoihitaji. Mizigo mizito ilale chini, karibu na mgongo wa kiti cha nyuma, na upepo wa matairi uongezwe hadi kiwango cha mzigo kamili, ambacho kimeandikwa kwenye kibandiko kile kile cha mlango. Kama mita 600 huzioni, baki nyuma ya lori.